Mistari Kumi ya Kibao

Kamati ya skuli imeniletea bahasha ya kaki
na soda mbili, kwa adabu zote.
Wanataka mistari kumi juu ya Akida Khelef bin Rubea.
Jina lake litapakwa rangi juu ya mlango,
na kitukuu mwenye mwandiko ni mimi.

Haya. Bismillahi.

Alizaliwa Piki, mwaka wa tufani
iliyong'oa mikarafuu ya Unguja ikaisaza ya Pemba;
baba yake akalala mkulima akaamka tajiri.
Msiba wa jirani, kwao ukawa harusi.
Kijana akapelekwa kasri la Unguja,
akavishwa kitara, akapewa watu sabini.

Vita vyake havikuimaliza asubuhi:
vilianza uji ungali jikoni,
vikaisha haujapoa.
Akatokea tundu la ukuta, bega limepasuka,
kiatu kimoja.

Uzeeni, barazani kwake Wete, alikuwa akisema:
"Tulipigania heshima. Bendera. Nyumba ya wazee wetu."
Wenzake wakatikisa vichwa, kahawa ikazunguka.
Lakini barua yake ya mwezi ule ninayo,
herufi za Kiarabu, Kiswahili cha kwetu,
anamwandikia nduguye:
"Wakituingia hawa, watumwa watatolewa.
Na vuli hii imezaa. Nani atatuchumia?"
Nimeisoma mara tatu
nikiitafuta heshima.

Mwaka wa pili sheria ikaja.
Yeye aliyeapa hatainama mbele ya serikali ile
alikuwa wa nne kwenye foleni ya fidia.
Orodha aliiandika kwa mkono wake:
Songoro. Uledi. Faida. Tabu na mwanawe,
na mwanawe kamwandika nusu.

Zafarani hayumo.
Suria, ilisema sheria, ni mtu wa nyumbani,
ikamrudishia mlango polepole.
Miaka kumi na miwili zaidi
aliteleka, akafua, akazaa.
Ndiye mama wa babu yangu.
Pua hii ni yake,
jina ni la akida.

Halafu bwana akapanda: mudiri,
kisha mjumbe wa baraza la sheria,
akivuka na stima kila kikao
na joho jeusi na miwani ya duara.
Nisimdhulumu. Barabara ya Konde aliipigania yeye.
Alisema deni linawala wenye mashamba kama mchwa,
na kweli lilikuwa likiwala.
Siku wachumaji walipoomba nyongeza
ya senti moja kwa pishi,
alisimama akasema watu hawa hawajui kuhesabu.
Karani wa kikao ameandika: *Wajumbe walicheka.*

Uledi hakujua kalamu.
Kila pishi alikata alama moja
kwenye nguzo ya banda la kuchambulia.
Nguzo ipo. Nimehesabu mia sita na kitu,
zilizobaki zimeliwa na mchwa,
mchwa wa kweli hawa.

Banda nimelirithi, na shamba,
na upembo wa kuvutia matawi,
na pishi yake ya bati, imeshika harufu
isiyotoka hata kwa jivu.
Juzi, kwa udadisi tu, niliijaza maji,
nikayamimina kwenye pishi mpya ya dukani.
Yakafurika. Yakamwagika mpaka miguuni.
Nikaigeuza: kitako kimegongwa kwa ndani,
nyundo ndogo, mkono wa subira,
kikatuna nje kama shavu la mtu
aliyeficha tonge.

Nimekaa nayo mapajani tangu alasiri.
Mstari wa kwanza nimeuandika: *Alizaliwa Piki.*
Wa pili nimeufuta, nimeurudisha, nimeufuta.
Soda zimekwisha nguvu.
Kamati watarudi Jumatano, na fundi wa rangi.

Wachumaji wangu ni kumi na mmoja.
Mmoja, Mchanga, ni wa ukoo wa Uledi;
huwa ananitazama mkono ninapopima,
nami hudhani anakagua pete.
Nimewalipa kwa pishi hii
misimu sita.